Pazia la Mti: Jumba la Harewood na Suala la Uzuri Uliolipiwa kwa Jasho la Wengine

Katika ukumbi mrefu wa jumba la Harewood, huko Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, juu ya madirisha kuna mapazia ambayo si mapazia. Kitambaa kinaning'inia kwa mikunjo mizito, kimekusanywa hapa na kuachiliwa pale. Lakini anayekaribia hutambua kwamba alichokitazama si kitambaa bali ni mti uliochongwa na kutiwa rangi. Kazi hiyo ilitoka katika karakana ya Thomas Chippendale, seremala aliyevuma kuliko wote katika Uingereza ya karne ya 18, ambaye alizaliwa mwaka 1718 katika mji wa Otley, maili chache kutoka jumba lenyewe. Mtazamaji hudanganyika, hugundua kuwa amedanganyika, na kugundua huko ndiko kunakomfurahisha. Sanaa ya aina hii haimdhulumu mtu. Kila mpenzi wa tamthilia au riwaya anaujua mkataba wake: msanii anasema uongo, hadhira inajua kuwa ni uongo, na pande zote mbili zinaondoka zimeridhika.

Tatizo ni kwamba jumba hilohilo lina uongo wa aina nyingine, usiokuwa na mkataba wowote, na uongo huo umejengwa kwa mawe. Swali linalozuka hapo ni la kale, nalo linamhusu mhakiki wa fasihi sawa na linavyomhusu mwanafalsafa: je, inajuzu kuuhukumu uzuri wa kitu pasi na kuuliza ni nani aliyeulipia? Mwanafunzi wa Kiafrika aliyekabidhiwa riwaya ya Kiingereza iliyojaa majumba ya aina hii hukutana na swali hilo hata asipoambiwa na mwalimu wake. Akiyafurahia majumba hayo, anahofu kwamba amewasaliti waliofanyishwa kazi ili yasimame. Asipoyafurahia, anahofu kuambiwa kwamba hana ladha ya sanaa. Wapo wanaojinasua kwa kusema kwamba fani ni fani na maudhui ni maudhui, kila moja na hesabu yake. Njia hiyo ni rahisi mno, na Harewood ni mahali pazuri pa kuuonyesha urahisi wake.

Aliyeitetea njia hiyo kwa nguvu zaidi ni Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uamuzi wa ladha. Kwa sadfa, mfano alioutumia ni wa kasri. Mtu akiulizwa kama kasri lililo mbele yake ni zuri, asema Kant, anaweza kujibu kwamba hapendi vitu vilivyotengenezwa ili watu wavikodolee macho. Anaweza kuwa kama yule mzee wa Kiirokwoi wa Marekani ambaye katika Paris nzima hakupendezwa na kitu kuliko maduka ya chakula. Anaweza hata kuwaka kwa hasira ya Rousseau na kuwalaani wakubwa wanaotumia jasho la watu kwa mambo yasiyo na haja. Yote hayo Kant anayakubali. Kisha anayaweka kando, kwa kuwa siyo yaliyoulizwa. Kilichoulizwa ni kama umbo lenyewe, likitazamwa tu bila tamaa wala maslahi, linampendeza mtazamaji. Lazima ikiriwe kwamba hoja hii ina heshima yake. Inamkinga msanii dhidi ya mtawala anayetaka kila wimbo uwe wa kumsifu, na dhidi ya mhakiki mvivu anayelipima shairi kwa siasa za mtunzi kabla hajalisoma. Wasomi wa Afrika Mashariki waliopata kuiona fasihi ikigeuzwa tarishi wa chama wanaijua thamani ya kinga hiyo.

David Hume, miaka 33 kabla yake, alikuwa ameelekea kwingine. Katika insha ya 1757 juu ya kipimo cha ladha alishikilia kwamba shairi linaposawiri mwenendo mwovu bila kuutia alama ya lawama, dosari hiyo ya maadili ni dosari ya shairi lenyewe, na msomaji hapaswi kujilazimisha kuingia katika hisia hizo. (Hume huyohuyo ndiye aliyeongeza tanbihi katika insha yake nyingine, mwaka 1753, akidai kuwa watu weusi ni duni kwa maumbile, lawama zake zilikuwa na mipaka ambayo yeye mwenyewe hakuiona.) Lakini jengo halisawiri mwenendo. Nguzo haisemi, dari haisimulii. Hata anayemfuata Hume, basi, anaweza kudai kwamba jumba halina hatia kwa sababu halina kauli.

Makala haya yanashikilia kwamba lina kauli, na kwamba kauli hiyo haimo katika madaftari ya mwenye mali peke yake. Imo ndani ya umbo: katika mpango wa kuta, milango, ngazi na nyasi. Anayemtii Kant kwa dhati, akalitazama umbo mpaka mwisho wake, atalikuta humo jasho alilotakiwa kuliweka kando.

Historia ya jumba yaweza kuelezwa kwa ufupi. Henry Lascelles, mtu wa Yorkshire, alikuwa mkusanya ushuru wa forodha mjini Bridgetown, katika kisiwa cha Barbados, mapema katika karne ya 18. Alifanya biashara ya sukari, alishiriki katika biashara ya kuwasafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi, alipata zabuni za kulilisha jeshi la majini, na zaidi ya yote aliwakopesha fedha wenye mashamba ya miwa. Mwishoni mwa miaka ya 1730 alinunua ardhi ya Harewood. Alifariki mwaka 1753, na mwanawe Edwin, mzaliwa wa Barbados, akaamua kujenga. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1759; kufikia 1771 nyumba ilikuwa tayari kukaliwa. Mchoro wa jengo ni wa John Carr wa York. Mapambo ya ndani ni ya Robert Adam, Mskochi aliyerejea kutoka Italia mwaka 1758 na kichwa kilichojaa Roma ya kale. Lipu ya dari ni ya Joseph Rose, samani ni za Chippendale, na mandhari ya nje ni ya Lancelot Brown. Ni nadra majina makubwa kiasi hicho kukutana chini ya paa moja. Mwaka 1790, mwaka uleule wa kitabu cha Kant, Edwin Lascelles alipewa cheo cha baroni.

Inafaa kuzingatia kwamba wakati mawe yalipokuwa yakipangwa, sehemu kubwa ya mashamba ya Karibiani ilikuwa haijawa mali ya familia. Mashamba ya Barbados, Jamaica, Grenada na Tobago yaliingia mikononi mwao zaidi katika miaka ya 1770 na 1780, wadaiwa waliposhindwa kulipa. Fedha za ujenzi, kwa hiyo, zilikuwa zimekwisha kuoshwa mara mbili kabla ya kufika Yorkshire: mtumwa alizalisha sukari, sukari ikalipa riba, riba ikalipa jiwe. Riba haina harufu ya miwa.

Umbo la jumba linatokana na Andrea Palladio, msanifu wa majengo wa Italia, ambaye kitabu chake cha sehemu nne kilichapishwa Venice mwaka 1570. Katikati kuna jengo kuu lenye nguzo na pembetatu ya juu kama ya hekalu. Kulia na kushoto mna mabawa yanayolingana. Mabwanyenye wa Kiingereza wa karne ya 18 walilipenda umbo hilo kupita kiasi. Lakini yafaa kuuliza mabawa hayo yalikuwa ya kazi gani. Majumba ya Palladio katika mashamba ya Veneto, kama vile Villa Emo, yalikuwa makao ya wenye mashamba, na mabawa yalikuwa maghala na mabanda: humo ndimo mlimowekwa nafaka na zana za kilimo. Bwana shamba akisimama mbele ya nyumba yake aliyaona mavuno yakiingia. Uzuri wa umbo hilo ulikuwa uzuri wa kukiri. Hapa ndipo anapokaa bwana, na hapa, chini ya paa lililoungana na lake, ndipo kinapowekwa kinachomlisha. Palladio hakuwa mtetezi wa wanyonge, wala wakulima wa Veneto hawakuishi kwa raha; hata hivyo jengo lilisema lilichokula.

Harewood iliyachukua mabawa na kuyaondolea maghala. Bawa la magharibi likawa ule ukumbi mrefu wenye mapazia ya mti. Shamba lililolilisha jumba halikuwa nyuma ya nguzo. Lilikuwa ng'ambo ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 6,000. (Kodi za wapangaji wa Yorkshire nazo zilikuwepo, na haifai kuzisahau, ila sizo zilizomtajirisha mkusanya ushuru wa Bridgetown.) Ulinganifu wa pande mbili ukabaki, lakini kile kilichokuwa kikilinganishwa, yaani bwana na chakula chake, kikavunjika. Mhakiki anayesema kwamba mabawa ya Harewood yana uwiano mzuri amesema nusu tu ya lile ambalo hata uhakiki wa kifani ulipaswa kulisema. Nusu ya pili ni kwamba uwiano huo ni wa kukopa, na kwamba katika kukopwa kwake umepoteza jambo ambalo lilikuwa ndiyo sababu yake.

Kuondolewa huko hakukuishia kwenye mabawa. Tangu karne ya 17 wasanifu wa Kiingereza walikuwa wakitafuta namna ya kumfanya mtumishi aonekane kidogo iwezekanavyo. Roger Pratt, aliyechora jumba la Coleshill, alipanga ngazi za nyuma na ujia wa katikati ili watumishi wa kawaida wasionekane wakipita mbele ya wakubwa. Karne iliyofuata mpango huo ulikuwa kawaida: ngazi mbili sambamba ndani ya nyumba moja, ile pana ya mawe kwa ajili ya kushuka ukitazamwa, na ile nyembamba ya mbao kwa ajili ya kupanda na ndoo ya maji ya moto bila kutazamwa na mtu. Milango mingine ya watumishi ilifunikwa kwa karatasi ileile ya ukutani, hata ikifungwa mstari wake usijulikane. Jiko lilikuwa chini, mbali na chumba cha kulia, na chakula kilisafiri. Katika jumba la Uppark, kusini mwa nchi, watumishi walipita katika njia zilizochimbwa chini ya ardhi. Mama yake H. G. Wells alikuwa msimamizi wa watumishi huko kuanzia mwaka 1880 hadi 1893, na wahakiki wengi wamezihusisha njia hizo na wale viumbe wa chini ya ardhi katika riwaya yake ya 1895 kuhusu mashine ya kusafiri katika wakati. Kama wamesema kweli, basi mtoto wa mtumishi aliyasoma majengo vizuri kuliko wataalamu waliokuja kuyaandikia vitabu.

Nje ya jumba mambo ni hayohayo, ila kwa kipimo kikubwa zaidi. Kijiji cha kale cha Harewood kiliondolewa, na Carr akajenga kingine kipya, cha nyumba za mawe zilizopangwa sawasawa, kwenye lango la eneo la jumba. Lililobaki mahali pa zamani ni kanisa la karne ya 15, limesimama peke yake katikati ya miti kama mtu aliyesahauliwa na wenzake safarini. Brown alizuia kijito na kufanya ziwa la ekari 32 ambalo mgeni huapa kuwa ni la Mungu. Katika bustani nyingi za zama zile ua uliondolewa na mahali pake pakachimbwa mtaro wenye ukuta uliozama, hivi kwamba anayetazama kutoka dirishani haoni mpaka wowote: nyasi za bwana zinaendelea moja kwa moja hadi walipo ng'ombe, na ng'ombe hawafiki. Mwenye mali anaona dunia isiyo na ua. Ng'ombe na mwanakijiji wanajua ua ulipo. J. M. W. Turner, aliyefika Harewood mwaka 1797 akiwa kijana wa miaka 22, aliyachora mandhari hayo kwa upole mkubwa. Mkono huohuo, mwaka 1840, ulichora meli ya watumwa na watu waliotupwa baharini wakiwa na minyororo. Michoro hiyo miwili haitundikwi katika chumba kimoja.

Yapo, hata hivyo, majengo mengine ambayo ni sehemu ya usanifu wa Harewood, ingawa hayamo katika vitabu vinavyouzwa langoni. Muwa ukishakatwa hauna subira: maji yake huanza kuharibika katika muda wa siku moja hivi, kwa hiyo kinu, nyumba ya kuchemshia na nyumba ya kukaushia sharti ziwe karibu, na wakati wa mavuno kazi ilikwenda usiku na mchana. Barbados ilikuwa na mamia ya vinu vya upepo vya mawe. Kimoja, cha Morgan Lewis, kingali kimesimama. Ndani ya nyumba ya kuchemshia masufuria ya shaba yalipangwa kwa safu, kila moja dogo na la moto zaidi kuliko lililotangulia, na maji ya miwa yalihamishwa kwa upawa kutoka moja hadi jingine mpaka yakawa mazito. Vibanda vya watumwa vilijengwa kwa fito na udongo, vikaezekwa kwa majani ya miwa, na sakafu ilikuwa ardhi. Karibu vyote vimetoweka. Katika shamba moja la kisiwa hicho, Newton, ambalo halikuwa la akina Lascelles, kilichohifadhi kumbukumbu ni makaburi: watu wapatao 570 walizikwa hapo bila jiwe lenye jina. Mawe hudumu na fito huoza; huo ni mwenendo wa vitu, wala hauna ubaya wake. Ila ni nani apewe jiwe na nani apewe fito, hilo liliamuliwa na watu.

Bunge la Uingereza lilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo ilikwenda kwa wamiliki. Henry Lascelles wa kizazi hicho, mwenye cheo cha Erli wa pili wa Harewood, alipokea pauni 26,307 kwa ajili ya watu 1,277. Watu wenyewe hawakupewa kitu, na walitakiwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao kwa jina la uanagenzi hadi mwaka 1838. Deni ambalo serikali ilichukua ili kulipa fidia hizo lilimalizwa mwaka 2015. Katika miaka ya 1840 Charles Barry aliliongezea jumba ghorofa, akaziondoa nguzo za upande wa kusini na kutandaza mbele yake bustani ya mtindo wa Kiitalia. Asomaye tarehe hizo mbili kwa kufuatana hahitaji kuelezwa zaidi.

Fasihi ya Kiingereza imeishi na majumba haya kwa muda mrefu, na imejifunza kutoka kwao ufundi wa kunyamaza. Ben Jonson, katika shairi alilolichapisha mwaka 1616 kulisifu jumba la Penshurst, aliwafanya samaki na ndege wajitoe wenyewe kuliwa, na matunda yaning'inie mahali ambapo mtoto angeyafikia. Hakuna anayevua, hakuna anayechuma. Raymond Williams alilionyesha hilo mwaka 1973: kazi imefutwa na baraka ikabaki, kana kwamba chakula ni tabia ya mahali. Ngazi za nyuma, kwa maneno mengine, zilikuwepo katika ushairi kabla hazijaenea katika majengo.

Jane Austen ni kisa kigumu zaidi, na ndiyo sababu anasomeka hadi leo. Katika riwaya yake ya 1814, *Mansfield Park*, Sir Thomas Bertram anasafiri kwenda Antigua kushughulikia mali yake. Anaporudi, Fanny, mpwa wa mkewe aliyelelewa humo kwa hisani, anamwuliza juu ya biashara ya watumwa. Swali lenyewe halisikiki. Msomaji anaambiwa tu, katika mazungumzo ya baadaye, kwamba liliulizwa na kwamba chumba kilinyamaza. Edward Said alilijengea kimya hicho sura mashuhuri katika kitabu chake cha 1993, akionyesha kwamba utulivu wa nyumba ya Mansfield unategemezwa na shamba lisiloonekana. Waliompinga walidai kwamba Austen hakukipuuza kimya bali alikiandika, jambo ambalo si dogo. Yapo maelezo mengine katika riwaya hiyo ambayo hayakupewa uzito unaostahili. Barua moja ya Mary Crawford inataja nyumba ya kifahari ya mtaa wa Wimpole jijini London, ambamo Maria, binti wa Sir Thomas aliyekwisha olewa, atafanya karamu zake, na kueleza kwamba hapo awali ilikuwa nyumba ya Lady Lascelles. Jina hilo halikuwa geni kwa msomaji wa 1814. Miaka saba tu iliyotangulia, katika mwaka uleule ambao bunge lilipiga marufuku biashara ya watumwa, mmoja wa akina Lascelles alikuwa amegombea kiti cha Yorkshire dhidi ya William Wilberforce na kushindwa, katika uchaguzi uliosifika kwa gharama zake. Austen hafafanui. Anaacha mlango uliofunikwa kwa karatasi ya ukutani, na mpini wake ukiwa wazi.

Sasa inafaa kumsikiliza mpinzani, kwa kuwa ana hoja. Ikiwa kila jengo litahukumiwa hivi, atasema, hakuna litakalopona. Na wanaolihukumu jumba wanawanyang'anya mafundi kazi yao kwa mara ya pili. Chippendale hakumiliki mtumwa wa Harewood. Alikuwa mtoto wa seremala, akafa mwaka 1779 bila utajiri. Mikono iliyofinyanga lipu ile ilikuwa mikono ya watu wa kulipwa kwa siku. Je, nao watengwe?

Jibu linataka kwanza kuipanua orodha ya mafundi. Katika nyumba ya kuchemshia ya Barbados alikuwepo mtu, mtumwa, ambaye kazi yake ilikuwa kujua dakika ambayo maji ya miwa yameiva. Alichukua tone la moto kati ya kidole gumba na cha shahada, akalivuta, akautazama uzi. Akikosea, mavuno ya siku yaliharibika. Huo nao ni ustadi wa jicho na kidole, wa daraja moja na ule wa mchonga mapazia, na jumba limesimama juu ya stadi zote mbili. Kilichotofautiana ni kwamba mmoja ana jina katika historia ya sanaa. Kuusifu ufundi wa Harewood kwa haki, basi, si dhambi. Dhambi ni kumpa sifa hizo mwenye nyumba, au kuishia kwa fundi mmoja.

Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu si kila uzuri wa Harewood ni wa namna moja. Ndipo pazia la mti linapofaa tena. Pazia lile linadanganya kwa mbali na kukiri kwa karibu. Kadiri mtu anavyolisogelea ndivyo anavyolifurahia, maana anaiona patasi. Ngazi za nyuma, ziwa la Brown, nyasi zisizo na ua na mabawa yasiyo na ghala hufanya kinyume. Uzuri wake unategemea mtazamaji asisogee. Akisogea akauona mtaro, mandhari hayawi mazuri zaidi. Huwa kitu kingine. Tofauti hiyo ni ya kifani, na mtu anaweza kuigundua bila kusoma daftari lolote la sukari. Kant angeweza kuigundua pia, kama angaliingia ndani ya lile kasri badala ya kusimama mbele yake.

Msomaji wa Kiswahili huenda hapa akaukumbuka utenzi wa *Al-Inkishafi*, ambao Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga katika miongo ileile ya Austen, akiyatazama magofu ya majumba ya Pate. Ulinganisho huo unavutia, ila una mpaka. Mshairi wa Pate anamhukumu tajiri kwa mwisho wake: nyumba imebomoka, wenyewe wamo kaburini, nafsi na izingatie. Chanzo cha mali hakimshughulishi sana, ingawa majumba ya mawe ya pwani nayo yalitumikiwa na watumwa, na msomaji wa pwani asidhani kwamba yeye anatazama Harewood akiwa mahali safi. Muhimu hapa ni kwamba hukumu ya *Al-Inkishafi* inahitaji gofu. Wakati ndio kadhi. Harewood haikubomoka. Paa linatunzwa, vumbi linafutwa, na tangu mwaka 1986 jumba liko chini ya amana ya hisani inayowakaribisha wageni kwa tikiti. Wakati haukulihukumu jumba hili, umeling'arisha. Kazi ambayo popo na buibui waliifanya Pate inabidi huku ifanywe na wasomaji.

Baadhi yake imeanza kufanywa, na si haki kuficha kwamba wenye nyumba wameshiriki. Karatasi za mashamba ya Karibiani zimefunguliwa kwa watafiti. Mwaka 2007, miaka 200 baada ya sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa, onyesho la muziki la Geraldine Connor, lililochanganya Händel na kanivali ya Karibiani, lilichezwa katika uwanja wa jumba. Mwaka 2023 kiongozi wa familia, David Lascelles, alijiunga na Waingereza wengine ambao mababu zao walinufaika na utumwa katika kudai kwamba suala la fidia lizungumzwe waziwazi. Kama haya yanatosha au ni mapazia mengine, watu watabishana, na wabishane.

Mwaka huohuo picha mpya ilitundikwa ndani ya jumba. Kuta zake zilikuwa tayari na akina Lascelles wa kutosha, wengine wakiwa kazi ya Joshua Reynolds. Picha hii ni ya mwigizaji David Harewood, mzaliwa wa Birmingham wa wazazi kutoka Barbados, ambaye wahenga wake walikuwa watumwa katika shamba la familia hiyo na walitoka humo na jina la mwenye shamba. Mgeni aliyelipa tikiti ili aone samani za Chippendale hufika mbele ya picha hiyo, husoma jina chini yake, hulinganisha na jina lililoandikwa kwenye tikiti, na humgeukia mlinzi wa chumba ili aulize. Swali lake si tofauti sana na lile la Fanny.